Mama Apolinaria Lugembe Anakabidhi Ghala Lenye Nafasi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Apolinaria Lugembe, Mtunza Ghala Mkuu wa Ushirika wa Wafuga Nyuki Itundu, anastaafu rasmi baada ya kuutumikia ushirika wetu kwa miaka thelathini na sita. Wengi wanaosoma jarida hili hawakuwa wamezaliwa alipoanza kazi, akiwemo mwandishi wa wasifu huu. Kamati ya kumuaga imempa mwandishi kurasa mbili na kumsihi asizidishe. Mwenyewe Mama, alipoambiwa, alisema ukurasa mmoja ungetosha.

Mama Apolinaria ni mzaliwa wa Ziba, wilayani Igunga, mtoto wa kwanza wa wakulima waliokuwa pia na ng'ombe wachache. Alipokuwa msichana mdogo, wakati wa kuhamia vijijini, familia yao ilipakiwa kwenye lori na kupelekwa makazi mapya. Lori lilikuwa la kaya kadhaa na nafasi ilikuwa finyu. Vitu vingi vikabaki kwenye nyumba ya zamani, likiwemo jiwe la kusagia la mama yake. Walipolirudia hawakulikuta. Mama yake alililia jiwe lile kama anavyoliliwa ndugu, na Apolinaria alikuwa anamtazama. Amewahi kutusimulia wakati wa chakula cha mchana kwamba siku ile alijiapiza, kwa akili za kitoto, kuwa akiwa mkubwa hataacha kitu nyuma.

Kiapo hicho alikitimiza vizuri mno.

Alijiunga na ushirika mwaka 1989 akiwa karani wa ghala. Wakati huo ofisi zetu za Tabora mjini zilikuwa chumba kimoja na banda la mabati. Asali ilikuja kwa baiskeli na kwa treni, ndani ya madumu ya kila namna, na karani mpya ndiye aliyehakikisha hakuna dumu linalopotea. Akapanda hadi kuwa mtunza ghala, kisha mtunza ghala mkuu. Jengo likaongezwa. Na kadiri lilivyoongezwa, ndivyo alivyolijaza.

Wakongwe wanakumbuka jina lake la utani la miaka ile, Mama Vipo. Ulikwenda kuuliza vifuniko vya chupa ambazo kiwanda kilishaacha kuzitengeneza, akajibu, "Vipo!" Ulitaka kamba, magunia, mguu wa kiti, kioo cha taa ya chemli, akajibu vilevile. Vilikuwepo kweli. Tatizo lilikuwa kuvifikia. Mgeni mmoja alikuja kutoka Dar es Salaam kutafuta springi ya mizani ya zamani, akahakikishiwa kwamba ipo, na akalala gesti siku kadhaa akisubiri ichimbuliwe. Ilipopatikana alikuwa ameshapiga simu ikaletwa nyingine kwa basi.

Nyumbani kwake Kipalapala hali ilikuwa hiyohiyo. Mume wake, Mzee Elieza, fundi wa reli mstaafu, alijenga nyumba yenye vyumba vya kutosha, lakini wageni walilala sebuleni kwa sababu chumba cha wageni kililaliwa na masanduku. Sebuleni penyewe palikuwa na seti mbili za makochi, moja ya kukalia na nyingine ya kufunikwa vitambaa. Kabati la vyombo lilikuwa na glasi ambazo hazijawahi kuonja maji. Mzee Elieza ametania kwamba kwa miaka mingi alikuwa anaingia kitandani kwa ubavu, kwa sababu mlango wa chumba haukufunguka wote.

Yote haya tuliyaona kama vichekesho mpaka Septemba 2014.

Hapa naomba ruhusa ya mhariri niache kujiita "mwandishi" na niseme "mimi", kwa sababu nilikuwemo ndani. Jina langu ni Jenifa Mhoja, na wakati huo ndio kwanza nilikuwa nimeajiriwa kupima ubora wa asali. Chumba changu cha kupimia kilikuwa mwisho kabisa wa jengo, na kukifikia ilibidi upite katikati ya ghala. Mbele palikuwa na lango kubwa la kupokelea mzigo, na ubavuni mwa lango hilo kibanda cha kuyeyushia nta. Nyuma ya ghala palikuwa na mlango mwingine wa chuma unaotokea uani, ambao hakuna aliyekumbuka lini ulifunguliwa. Kwa ndani, mbele ya mlango huo, yalipangwa mapipa matupu hadi karibu na paa, na juu ya mapipa viti vilivyovunjika, na katikati ya viti magunia.

Mchana ule nta ilishika moto. Nta ikishika moto haikupi muda wa kufikiri. Moto ulitoka kwenye kibanda, ukaingia langoni, ukashika maboksi ya karatasi, na mimi nilipotoka chumbani kuona kelele ni za nini, sikuliona lango. Niliona rangi ya machungwa na moshi mweusi unaokuja kwangu. Nikakimbilia nyuma, nikagonga mapipa.

Mama Apolinaria alikuwa nje anapokea ndoo za wafugaji kutoka Kaliua. Aliwahesabu wafanyakazi kwa macho, akaona sipo. Alizunguka jengo mbio na funguo mkononi, dereva wetu Raymundi akimfuata. Mlango wa nyuma ulifungukia nje, kwa hiyo waliufungua. Walichokikuta ni ukuta wa mapipa.

"Jenifa! Uko hapo?"

"Nipo, Mama!"

"Lala chini! Ongea, usinyamaze! Niambie chochote, nikusikie!"

Kitu pekee kilichokuja mdomoni ni Salamu Maria, nikaanza kuisali kwa sauti nikiwa nimelala na kanga puani. Nikafika nusu, nikakohoa, na kutoka ng'ambo ya mapipa nikasikia Mama Apolinaria anaitikia nusu ya pili, huku anavuta pipa. Nikaanza tena, akaitikia tena. Raymundi, ambaye ni Mwislamu kwa mama na Mkristo kwa baba na huwa anasema dini yake ni barabara, naye akawa anaitikia. Viti vilinasana na mapipa, magunia yakawaangukia. Bati la juu lilianza kulia kwa joto. Kila niliposita, Mama alipiga kelele, "Endelea! Mbona umenyamaza?"

Kisha nikaona mwanga mdogo chini, kati ya mapipa mawili, halafu mkono. Raymundi aliniburuta kwa kwapa. Nilitoka nimepoteza kiatu na nyusi, na kikohozi kilinikaa mwezi mzima, lakini nilitoka. Ushirika ulipoteza nta yote ya msimu na nusu ya paa. Hakuna mtu aliyepotea. Nakumbuka wafugaji wa Kaliua wamesimama uani, mmoja wao analia kama mtoto, na mtu wa zimamoto ananipa maji.

Mama Apolinaria alikaa chini kwenye vumbi, mikono imechunika. Alinishika mguu ule usio na kiatu, akaung'ang'ania.

"Mwanangu," alisema, "mapipa haya yangekuua. Na ni matupu. Matupu!"

Aliomba likizo ya wiki moja. Tulidhani anaacha kazi. Habari tulizozipata kutoka Kipalapala zilitutisha zaidi: Mama Apolinaria ametoa vitu vyote nje. Masanduku, makochi ya vitambaa, glasi, sufuria za sherehe, mapazia ya miaka ya tisini, redio zilizokufa, vyote vilikuwa uani juani, na majirani wamejazana wakidhani kuna mnada wa benki. Mzee Elieza alidhani mke wake amechanganyikiwa. Kwa kuogopa kumuuliza mwenyewe, akampigia simu shemeji yake Paskazia aje haraka kutoka Ziba.

Paskazia alishuka kwenye basi siku ya pili. Yeye ndiye mdogo wa Mama Apolinaria anayemfuata kuzaliwa, na alipoingia uani akaona vyungu na vibuyu vya marehemu mama yao vimewekwa pamoja na vitu vya kugawa.

"Dada, hata vya mama?"

"Chukua unavyovitumia."

"Mimi sitaki kuvitumia. Nataka viwepo."

"Vilikuwepo, Paskazia. Miaka yote hii vilikuwepo kwenye sanduku chini ya masanduku mengine. Nani amewahi kuviona?"

Walilumbana mpaka jioni, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma pale maneno yalipokuwa makali. Mwishowe Paskazia alivifunga vyungu vyote kwenye kanga na kuondoka navyo bila kula. Krismasi ile hakuja Kipalapala, na Pasaka hakuja. Mama Apolinaria hakuwahi kutuficha kwamba hilo lilimuuma kuliko mikono yake iliyochunika. Alikwenda yeye Ziba mwaka uliofuata. Akakuta vyungu vinapikiwa, kimoja kimeshavunjika, na Paskazia anacheka anapomwonyesha vigae. Wakapatana palepale, jikoni, juu ya ugali.

Lakini usiku wa kwanza baada ya vitu kuondoka, Mzee Elieza anasema, mlango wa chumba ulifunguka wote hadi ukagusa ukuta. Mama Apolinaria aliufunga na kuufungua tena. Kisha akalala usingizi mzito hadi watu wanatoka misa ya kwanza. Mzee alikwenda mara mbili kusikiliza kama anapumua.

Aliporudi kazini aliomba kuonana na meneja wetu wa wakati ule, Bwana Masolwa. Alitaka ghala lisafishwe: kila kisichotumika kiuzwe, kigawiwe au kitupwe. Bwana Masolwa, mtu mwema lakini mwenye kupenda heshima, hakufurahi.

"Mama, wafadhili wakija wakikuta ghala tupu, ushirika utaonekana maskini."

"Meneja, mwezi uliopita walikaribia kutukuta msibani."

Bodi ilikaa, ikabishana, ikakubali. Mnada ulifanyika uani. Mafundi bati wa sokoni walichukua mapipa kwenda kutengeneza majiko, kina mama wa jirani walichukua chupa, na wafugaji wapya walipewa bure vifaa vya zamani vilivyokuwa bado vizima. Mlango wa chuma ulipakwa rangi, na mbele yake hakuna kilichowekwa tena mpaka leo, hata ufagio.

Mambo hayakwenda sawa yote, na Mama mwenyewe amenitaka niyaandike. Katika bidii yake ya mwanzo aliuza mkono wa akiba wa mashine ya kukamulia asali, kwa sababu hakuna aliyekumbuka matumizi yake. Msimu wa pili mkono wa mashine ukavunjika. Mama Apolinaria na Raymundi walizunguka soko zima wakiutafuta, wakaukuta umechomelewa kwenye lango la banda la kuku. Mwenye kuku alikataa kuuza lango bila kuku, na ushirika ukarudi na lango pamoja na majogoo wawili, ambao walikuwa kitoweo cha Ijumaa ile. Tangu siku hiyo hakuondoa kitu kabla hajawauliza wanaokijua. Swali lake lilikuwa moja, na sote tunaliiga kwa sauti yake: "Hiki mara ya mwisho kimetumika lini?"

Baadaye akaligeuzia swali hilo kwenye kazi zenyewe. Ilikuwa mfugaji akihitaji ndoo moja azungushwe kwenye meza za watu wengi, kila mmoja atie sahihi. Mama alizunguka meza hizo akiuliza kila mwenye sahihi anaangalia nini kabla ya kusaini. Wengi walikiri hawaangalii kitu, wanasaini kwa sababu aliyetangulia amesaini. Leo sahihi ni moja. Wafugaji wanaokuja kwa treni kutoka Kaliua walizoea kulala mjini wakisubiri kuhudumiwa. Sasa wanakabidhi asali, wanachukua ndoo zao na kurudi kulala kwao. Bi. Advera, mfugaji wa siku nyingi, aliniambia kwamba zamani safari ya Tabora alikuwa anaiogopa kuliko nyuki.

Mama alikataa pia kukaimu vyeo viwili kwa wakati mmoja, ingawa aliombwa na kubembelezwa. Alijitoa kwenye makundi yote ya WhatsApp isipokuwa la familia na la kwaya. Kazi ikiisha alifunga ghala na kuondoka, na hatukuwahi kumkuta anajifanya ana shughuli. Mezani pake palikuwa na kalamu, mhuri na kikombe.

Kina mama wa ofisini watanisamehe nikieleza suala la sare. Kila harusi, kila kipaimara, kila ubatizo, kamati hutoa kitambaa na sote tunashona. Mama Apolinaria alitangaza kwamba atakuja kwenye kila sherehe, atapika, ataosha vyombo, ataimba, lakini hatashona tena sare. Ana gauni lake la bluu na linamtosha. Kwenye harusi ya binti wa mwenzetu Martha, watu wa kamati walimweka nyuma kabisa, karibu na spika, ili asiharibu picha. Alicheza kuliko wote. Wiki iliyofuata Martha mwenyewe alimfuata ghalani, akafunga mlango, akamshika mkono. Alisema kabati lake limejaa magauni aliyovaa mara moja moja na hakuwahi kupata ujasiri wa kusema basi. Mwaka ule kina mama kadhaa waliacha kushona sare, na hakuna harusi iliyovunjika.

Sitaki msomaji adhani alitugeuza watawa. Hakutuhubiria hata siku moja. Meza yangu mimi bado imejaa makaratasi, na alipopita alikuwa anatikisa kichwa tu na kuniuliza kama nimekula. Kilichotubadilisha ni kumwona. Yule mama aliyekuwa anatembea na shada la funguo kiunoni kama mlinzi wa gereza, mwenye kushtuka kila simu inapolia kwa hofu kwamba kuna kitu kimepotea, alianza kuimba akiwa kazini. Shinikizo la damu lililomsumbua likashuka, na daktari wake akampunguzia dawa. Chumba cha wageni pale Kipalapala kikapata wageni. Wa kwanza kulala humo alikuwa Paskazia.

Ijumaa iliyopita alikabidhi ghala kwa Suzana, mtunza ghala wetu mpya. Makabidhiano ya ghala letu zamani yangechukua mwezi na kuacha ugomvi. Walianza asubuhi, wakapita rafu kwa rafu, na wakati wa chai walikuwa wamemaliza. Suzana aliniambia baadaye kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala kwa wasiwasi, na kwamba alipoona kila kitu kwa macho yake, pumzi ilimtoka kwa sauti. Mama Apolinaria akamcheka, akamwambia, "Hata mimi ilinitoka hivyohivyo. Nilichelewa tu."

Kamati ya kuaga ilikuwa imepanga kumnunulia seti ya makochi, kama tulivyowafanyia wastaafu wengine. Siri ikavuja. Alikuja ofisini, akatusalimia, akaketi, akasema kwa upole mkubwa kwamba anatupenda wote na anaomba tusimpe kochi. Tulipombana aseme anachotaka, alifikiri, kisha akaomba mizinga ya nyuki. Si ya kuweka Kipalapala. Ni ya kupeleka Ziba, kwa Paskazia, ambako watafuga nyuki pamoja, yeye akikaa huko msimu wa asali na kurudi kwa Mzee Elieza msimu ukiisha. Mzee amekubali, kwa sharti kwamba asali ya kwanza iwe yake. Mizinga imeshachongwa, na Raymundi ameomba aipeleke mwenyewe.

Mama Apolinaria, kwa niaba ya bodi, wafanyakazi na wafugaji wote kutoka Kaliua hadi Igunga, tunakushukuru. Umetunza mali yetu, umetunza watu wetu. Pumzika uliposhindwa kupumzika, tembea ulipotamani kutembea, na Mungu akujalie miaka mingi ya afya na kicheko wewe na Mzee Elieza. Maisha mema, Mama yetu, na karibu ofisini wakati wowote uje ututikisie kichwa.

Chakula cha kumuaga kitakuwa Jumamosi nyumbani kwake Kipalapala, baada ya ibada, na wote tumealikwa. Mama ameomba jambo moja tu: tuje mikono mitupu. Nilimjulisha kwamba mimi nitakuja na watoto wangu wawili, ambao wote nimewazaa baada ya mwaka ule wa moto. Akasema, "Hao walete, hao nina nafasi yao."